Mimea na mazingira magumu: maswali ninayoulizwa kila mara

Nafundisha biolojia mkoani Tanga na jioni nalima. Maswali haya yametoka darasani, kwa wakulima wenzangu, na mengine kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Sikuyapanga kama kitabu cha kiada kingeyapanga. Nimeyaacha yafuatane jinsi watu wanavyouliza, swali moja likivuta jingine.

Mmea hauna miguu. Ukame ukija unafanyaje?

Kwanza unafunga milango. Upande wa chini wa jani kuna vijitundu vidogo mno, stomata, ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Jani huvuta hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula kwa kupitia vijitundu hivyo, na maji nayo hutoka humohumo kama mvuke. Udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka ndani ya mmea na stomata hujifunga. Maji yamesalimika, lakini chakula nacho kimefungiwa nje.

Likumbuke hilo, maana litarudi tena na tena hapa chini: mmea haupati kitu bure. Mtu akikusifia mbegu "inayostahimili ukame", muulize imelipa nini.

Saa saba mchana mahindi yangu hujikunja kama misokoto ya tumbaku. Yanakufa?

Bado. Jani limejikunja ili jua lipige sehemu ndogo. Nenda shambani kesho saa kumi na mbili asubuhi: ukikuta majani yamefunguka, mmea umekunywa usiku na unaendelea. Ukiyakuta bado yamejikunja alfajiri, hapo ndipo uanze kuhofu.

Hatari kubwa ya mhindi iko kwenye wiki ya kuchanua. Mbelewele hutoa chavua kwa siku chache tu. Mmea ukiwa na kiu, nywele za gunzi huchelewa kutoka, na zinapotokeza chavua imekwisha kupeperuka. Ndiyo maana unavuna gunzi lenye punje mbili huku na tatu kule, kama mdomo wa mzee aliyebakiwa na meno machache. Mvua iliyonyesha baada ya hapo hukupa majani mazuri ya kulisha ng'ombe.

Sasa huko kujikunja ndiyo mageuko?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwamo waliofaulu mtihani. Kujikunja ni kujirekebisha. Mmea mmoja, katika maisha yake, unajibu hali iliyopo. Ukimwaga maji, unajifungua.

Chukua mfano wa kitaluni. Wiki moja au zaidi kabla ya kuhamisha miche ya nyanya, mkulima mzoefu hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogokidogo. Mche unakomaa: shina linakakamaa na majani yanakuwa mazito. Lakini ukichukua mbegu za nyanya zilizotoka kwenye mche huo uliokomazwa, watoto wake watazaliwa legelege kama kawaida. Nao itabidi uwakomaze.

Mageuko hutokea kwenye ukoo. Yanahitaji mambo matatu kwa pamoja: mimea iwe na tofauti baina yao, tofauti hizo zirithiwe kupitia jeni, na baadhi yao waache watoto wengi kuliko wenzao kwa sababu ya tofauti hizo. Huo ndio uchaguzi asilia. Mti mmoja haugeuki hata uishi miaka elfu. Kinachogeuka ni hesabu ya nani amezaa na nani hakuzaa.

Basi mimea ilijuaje kwamba ukame unakuja, ikajiandaa?

Haikujua. Mabadiliko ya jeni hutokea yenyewe, mbegu inapotengenezwa, bila kujali mmea unahitaji nini. Mengi hayana athari, mengine yanadhuru. Mara chache moja linakuta mazingira yanayolifaa, na mwenye nalo anazaa kuliko jirani.

Nawaambia wanafunzi wafikirie konzi ya mbegu za mtama wa kienyeji. Ndani yake kuna unaokomaa mapema na unaochelewa. Mvua ikikatika mapema mwaka huu, unaochelewa haukutia punje. Msimu ujao unapanda nini? Unapanda watoto wa ule uliowahi, na hakuna mmea hata mmoja uliojifunza chochote.

Lakini mageuko si ya mamilioni ya miaka?

Mengine ndiyo. Mengine unaweza kuyashuhudia kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Watafiti wa California, Marekani, walikuwa wamehifadhi mbegu za haradali ya porini zilizokusanywa mwaka 1997, kabla ya ukame ulioanza mwaka 2000. Mwaka 2004 wakakusanya mbegu nyingine palepale. Wakazipanda zote pamoja, udongo mmoja, maji sawa. Waliozaliwa baada ya ukame walichanua mapema kuliko mababu zao. Vizazi vichache tu vilitosha. Mbegu iliyolala kwenye ghala la baridi haigeuki, inabaki na mwaka wake. Hilo ndilo lililowawezesha kuwasimamisha babu na mjukuu kitaluni bega kwa bega wakawapima.

Magugu nayo yako mbio. Kiuagugu cha glaifosati kilisifiwa sana kwamba magugu hayatakizoea, na mwaka 1996 ikaripotiwa nyasi ya Australia isiyokufa kwa dawa hiyo. Ukiona mtu analalamika kwamba dawa "imechakachuliwa", huenda ni kweli. Huenda pia shamba lake limebaki na koo za wale wasiokufa, kwa sababu miaka yote amekuwa akiua wengine.

Mikoko inaishije kwenye maji ya chumvi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, niwie radhi nikirefusha.

Shuka ufukweni maji yakiwa yametoka, utafute mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko. Chuma jani lake moja asubuhi ya jua, kabla ya mvua, uguse upande wa juu kwa ulimi. Ni chumvi tupu, wakati mwingine unaziona punje zake ziking'aa. Mchu huruhusu chumvi kiasi iingie, kisha huitema kupitia tezi zilizo kwenye majani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda juu kama miguu ya kaa, hufanya kinyume: huizuia sehemu kubwa sana ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Majirani wawili, tatizo moja, majibu mawili.

Chumvi ni nusu ya taabu. Tope la mikoko halina hewa. Ukilichimbua linanuka mayai viza. Mizizi nayo inahitaji kupumua. Kwa hiyo mchu na mlilana husimamisha mizizi ya kupumulia nje ya tope, ile inayochoma nyayo za wavuvi. Mkoko hupumua kupitia hiyo miguu yake ya kaa.

Halafu kuna suala la watoto. Mbegu ya kawaida ikianguka kwenye maji ya chumvi yanayopwa na kujaa mara mbili kwa siku, itaota saa ngapi? Mkoko hauachi mbegu, unalea. Mtoto huota akiwa bado ananing'inia kwa mama, hurefuka kama fimbo ya kijani hata kupita nusu mita, kisha hudondoka. Maji yakiwa kidogo anaweza kujichomeka palepale, yakiwa mengi anaelea hadi pwani nyingine.

Kinachonishangaza hadi leo ni ukoo wao. "Mikoko" si kabila moja. Mkomafi ni wa jamii ya mwarobaini. Mlilana ni wa jamii moja na mhina na mkomamanga. Yaani ule mti uliosimama baharini unaguswa na mawimbi na ile hina ya mikononi mwa bibi harusi ni ndugu. Koo mbalimbali za nchi kavu zilirudi pwani kila moja kwa wakati wake, na zikafikia majibu yanayofanana. Wazee waliozoea kukata boriti za kupakia majahazi ya Arabuni walijua mti upi unafaa nini na unasimama wapi: mlilana mbele kwenye maji, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Huo mpangilio ni ramani ya nani anavumilia nini.

Ni kweli mbuyu umejaza maji tumboni?

Ni kweli kwamba mbao yake ni laini na imejaa maji, ndiyo maana tembo huutafuna kiangazi. Ila usiufikirie kama tangi lenye bomba. Mbuyu hupunguza matumizi kwanza: hupukutisha majani yote na kukaa uchi miezi mingi. Kwaruza gome la tawi changa kwa ukucha utaona rangi ya kijani chini yake. Hata bila majani, gome hutengeneza chakula kidogo. Maua hufunguka jioni, kwa ajili ya popo.

Aina za mibuyu ni nane: sita ziko Madagaska tu, moja ni hii yetu ya bara la Afrika, moja iko Australia.

Miiba ni ya nini? Twiga si anakula tu?

Anakula, lakini polepole, na kwa mgunga huo unatosha kuwa ushindi.

Kwenye mbuga za udongo mweusi, Laikipia nchini Kenya kwa mfano, kuna mgunga mfupi ambao sehemu ya miiba yake imevimba kama vibuyu vidogo. Ndani yake wanaishi sisimizi, nao mti huwapa asali kwenye vitezi vya majani. Tembo akiingiza mkonga, anakutana na jeshi. Upepo ukivuma kwenye matundu waliyotoboa, mti hupiga mluzi. Ukiwa peke yako jioni hutausahau.

Mwaka 1995 watafiti huko Laikipia waliweka uzio kuwazuia wanyama wakubwa. Baada ya miaka kumi hivi walikuta migunga ya ndani ya uzio imepunguza asali na vibuyu. Mantiki ni ileile: kwa nini umlipe mlinzi wakati wezi hawapo? Ajabu ni kwamba miti hiyo haikunenepa kwa akiba hiyo. Sisimizi walinzi walidhoofika, wakaingia wa aina nyingine wasiolinda, wanaoishi kwenye matundu ya wadudu wanaotoboa shina, na miti ikakua taratibu zaidi na kufa kwa wingi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa.

Wanafunzi hudakia: "Mwalimu, hayo ni mageuko!" Hapana. Ni miti ileile, ilikuwa imesimama pale kabla ya uzio. Ilijirekebisha. Ule *uwezo* wa kupandisha na kushusha mshahara wa mlinzi ndio uliojengwa na mageuko, kwenye nchi ambayo wala-majani hawajawahi kukosekana miaka kumi mfululizo.

Mimea ya juu Kilimanjaro mbona inaonekana kama ya sayari nyingine?

Kwa sababu inaishi kiangazi kila mchana na baridi ya kugandisha kila usiku, mwaka mzima. Ile mirefu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi ni wa jamii ya alizeti. Majani yake yaliyokufa hayadondoki, hubaki yamelivika shina koti ili maji ya ndani yasigande. Jirani yake, lobelia kubwa, hukusanya maji katikati ya majani. Usiku tabaka la juu huganda, chini yake maji hubaki maji, na kichipukizi kinasalimika.

Kilimanjaro una aina yake ya hiyo jamaa ya alizeti, Mlima Kenya una zake, Elgon vilevile, na Rwenzori pia. Milima hiyo ni visiwa, tofauti ni kwamba bahari inayoitenganisha ni joto la bondeni.

Nimesikia kuna maua yanayoonyesha palipo na shaba. Ni uchawi?

Ndugu zetu wa Katanga, kule Kongo, wanayajua. Kwenye vilima vyenye shaba nyingi miti haioti, sumu inaiua. Inabaki mimea michache iliyozoea, mmojawapo ni mdogo wa jamii ya mrihani. Umeonekana pia ukiota kwenye mabaki ya sehemu ambako wahenga waliyeyusha shaba, hata wanaakiolojia wakautumia kuyatafuta. Ukiutoa hapo ukaupeleka kwenye udongo mzuri wenye majirani wengi, haufui dafu.

Mkonge wetu je? Nao umegeuka kuizoea Tanga?

Swali hili likiulizwa ukumbini hapa Tanga, watu wote hunyamaza kusikiliza.

Mkonge asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta huku kupitia Florida. Alikuwa ameagiza miche 1,000, ikafika hai 62. Ulistawi kwa sababu ulikuja na jibu tayari. Mimea mingi hufungua stomata mchana. Mkonge hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, huvuta hewa ya ukaa na kuiweka kama asidi, kisha mchana hufunga milango na kupikia akiba ndani. Mnanasi hufanya vivyo hivyo. Gharama yake ni kukua taratibu.

Lakini kugeuka hapa? Kwa kiasi kikubwa hapana. Mkonge shambani hauzai kwa mbegu. Unasimamisha mlingoti mara moja maishani, unatoa vichipukizi juu yake, unakufa. Kila kichipukizi ni nakala ya mama. Tofauti hakuna, na bila tofauti uchaguzi asilia hauna cha kuchagua. Ndiyo maana kazi ya kuleta tofauti ilifanywa na watu: watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano, hapahapa Tanga, walikutanisha aina mbalimbali wakapata chotara namba 11648, mwenye majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kale. Huyo naye akazalishwa kwa nakala, akasafirishwa hadi China, na huko ugonjwa unaochora majani milia ya pundamilia ukamkuta. Mmoja akiugua katika shamba la nakala, wote wana udhaifu uleule.

Kiduha kinashinda kila mbinu. Kina akili?

Kina mbegu. Kiduha ni gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini miaka zaidi ya kumi. Haziamki mpaka zinuse mizizi.

Mtama au mhindi ukikosa fosforasi, kirutubisho cha udongoni, mizizi hutoa kemikali ya kuita kuvu wazuri wa udongoni waje kuusaidia kuitafuta. Kiduha kimegeuka kuidaka sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo udongo uliochoka unaita kwa nguvu zaidi, na mwizi anasikia vizuri zaidi. Ndiyo sababu samadi, ingawa haionekani kama dawa ya kiduha, inasaidia.

Iko mitama ya Afrika iliyopoteza jeni moja, ikawa inatoa kemikali ya umbo tofauti kidogo ambayo kiduha hakiamki nayo vizuri. Mitama hiyo hupatikana zaidi kwenye maeneo yaliyosumbuliwa na kiduha. Mbona basi haikuenea kila mahali? Kwa sababu inaelekea palipo salama kupoteza jeni hiyo ni hasara. Gharama, tena.

Hii haipingani na dini?

Waumini wa imani zote mbili ninaofundisha hulima, na wote huchagua masuke mazuri ya mbegu. Ninachoeleza hapa kinapimika shambani. Mengine nawaachia wenye elimu yake.

Mimea itaweza kwenda sambamba na mabadiliko ya tabianchi?

Baadhi. Mmea wa msimu mmoja, wenye watoto wengi na tofauti nyingi, una nafasi, kama ile haradali. Mti unaochukua miongo kabla ya kuzaa vya kutosha unapata vizazi vichache mno, wakati hali inabadilika ndani ya uhai wa mti mmoja.

Njia nyingine ni kuhama, kizazi kwa kizazi. Bahari ikipanda, mikoko hurudi nyuma kuelekea bara, kama nyuma hakuna ukuta wa hoteli au mashamba ya chumvi. Mimea ya Kilimanjaro inaweza kupanda juu mpaka mlima uishe.

Na kuna mapigo ambayo hakuna jeni iliyoyatayarishia jibu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kwenye mkondo wa Mwache, Mombasa, ukaifunika mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Miti iliyoshinda chumvi kwa mamilioni ya miaka iliuawa na udongo wa mashamba yaliyoachwa bila matuta.

Niweke mbegu zangu mwenyewe au ninunue?

Inategemea mbegu. Mahindi chotara usirudie: watoto wake hutawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine hana gunzi. Mbegu za uchavushaji huria, yaani zinazochavushana zenyewe shambani na si chotara, unaweza kuzirudia misimu kadhaa. Mfano ni mahindi ya Katumani, kutoka Machakos, Kenya, yaliyochaguliwa kwa kukomaa mapema ili yamalize kabla mvua haijakatika.

Ukichagua mwenyewe, usichukue gunzi kubwa kuliko yote lililoota kando ya shimo la samadi. Hilo limelishwa, na ukubwa wake hautarithiwa. Pita shambani mwaka wa kiangazi, katikati, pale udongo ni uleule kwa wote, uangalie nani kajaza gunzi huku jirani zake wana mapengo. Mfunge kitambaa kabla ya mavuno, maana yakishamwagwa uani hutamjua. Na usichukue mmoja tu au watano. Mimi hufunga vitambaa si chini ya mia moja, watoto wa nyumbani wananicheka kwamba shamba limevaa kama linakwenda harusini.